Kipimo chako hakitafuata mstari wa baba kwa baba

Dada, umeuliza kama ukipima DNA wewe mwenyewe utajua asili ya bibi mzaa mama, ambaye wazee wake walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, na pia ukoo wa baba yako wa Tabora. Mstari wa mama utaupata: DNA ya mitokondria, ile ndogo iliyo nje ya kiini cha seli, mama huwapa watoto wote, ila wanaoiendeleza ni mabinti tu. Mstari wa baba kwa baba, hapana. Kromosomu Y, kifurushi cha DNA kilicho kwa wanaume, hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, nawe huna. Mwombe kaka yako wa baba mmoja, au baba mdogo, asugue kijiti cha pamba ndani ya shavu.

Ila majibu hayatakuandikia "Mmanyema" wala "Mnyamwezi". Kila njia kati ya hizi mbili hufuata mstari mmoja wa maelfu ya miaka, na makabila mengi huushiriki. Tena Ujiji, mji wa kando ya ziwa hilo, ilikuwa kituo cha misafara karne ya 19. Watu walichanganyika sana, wengine waliletwa utumwani.

Bibi bado yupo? Mrekodi leo kwa simu. Wangu alinitajia mama yake, bibi yake na wawili juu yao huku akichambua dagaa kwenye ungo. Majina yale hakuna maabara ingenipa.