StopInstances haifuti data, inazima seva tu

Umeuliza kama skripti yako ikituma StopInstances utapoteza data. Hapana mkuu, data haipotei. StopInstances ni amri ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, na inazima seva ya EC2 (seva ya kukodi ya AWS) tu. Diski ya EBS, yaani diski ya kudumu iliyounganishwa na seva, inabaki na kila kitu, na ukituma StartInstances seva inawaka na kitambulisho kilekile. Inayofuta seva ni TerminateInstances, kwa hivyo soma skripti yako vizuri kabla ya kuiachia ijiendeshe usiku. Kinachopotea ni kilichokuwa kwenye RAM na kwenye diski ya muda ya mashine yenyewe, kama seva yako inayo. Humo usiweke hifadhidata kabisa.

Bili ya seva inasimama, ya EBS inaendelea. IP ya umma nayo hubadilika ukiwasha tena, isipokuwa una Elastic IP (anwani ya IP isiyobadilika), na hiyo utailipia dola 0.005 kwa saa hata seva ikiwa imezimwa.

Kazini hapa Nairobi tunazima seva za majaribio saa tatu usiku. Kama seva inayoendesha kron yako (ratiba ya kutuma amri) iko kwenye UTC, ambayo iko saa tatu nyuma ya Nairobi, andika 18:00. Anza na DryRun, chaguo la kuijaribu amri, itakuonyesha kama una ruhusa bila kuzima chochote.