Je, Mfalme Sulemani alikuwa mchawi na mwanzilishi wa Freemason?

SWALI: Shalom mchungaji. Kuna ndugu ninayefanya naye kazi amenionyesha video inayosema Mfalme Sulemani alikuwa mganga mkubwa, aliwatumikisha majini kwa pete, na ndiye aliyeanzisha Freemason wakati wa kujenga hekalu. Ati ndiyo maana dhahabu yake ilikuwa 666, namba ya mnyama wa Ufunuo. Huyo ndugu ananiuzia "pete ya Sulemani" ya kuvuta riziki, na nimeshatanguliza nusu ya hela. Mke wangu naye anasema tuache kusoma Mithali, kwa kuwa imetoka kwa mchawi. Naomba msaada.

JIBU: Shalom, mpendwa. Nianze na pete, maana hela yako imeshaingia humo: usiipokee. Sababu utaziona.

Fungua 1 Wafalme 3. Sulemani yuko Gibeoni, Bwana anamtokea usiku katika ndoto na kumwambia aombe atakalo. Hakuomba siku nyingi, wala mali, wala roho za adui zake. Aliomba "moyo wa adili" apate kuwahukumu watu na kupambanua mema na mabaya. Aliomba, akapewa. Biblia nzima haitaji pete ya Sulemani, wala haisemi popote kwamba aliwaamrisha pepo.

Basi habari hizo zimetoka wapi? Sura ya 4 inasema alinena habari za miti, toka mwerezi wa Lebanoni hata hisopo uotao ukutani, na habari za wanyama, ndege na samaki. Watu wa baadaye walipolisoma hilo wakaongeza yao: mtu aliyejua mizizi yote hakosi kujua na dawa za kufukuza pepo. Mwishoni mwa karne ya kwanza, mwanahistoria Myahudi Yosefo aliandika kwamba alimwona mtu aitwaye Eleazari akimtoa mtu pepo mbele ya Vespasian, jemadari Mrumi aliyekuja kuwa kaisari, kwa pete yenye mzizi uliosemekana kufundishwa na Sulemani. Hapo Sulemani alikuwa ameshakufa karibu miaka elfu moja. Kikaja kitabu cha Kigiriki kiitwacho Agano la Sulemani, ambamo malaika Mikaeli anampa pete na pepo wanabebeshwa mawe ya hekalu. Vitabu vya uganga vinavyoitwa Ufunguo wa Sulemani ni vya nyuma zaidi, nakala zake ni za Ulaya ya mwisho wa Zama za Kati na kuendelea. Waandishi waliazima jina la mfalme ili kazi yao ipate heshima, kama mganga wa leo anavyobandika jina kubwa kwenye bango lake. Hata ndugu zetu Waislamu, ambao kwao habari za majini wa Suleiman zinajulikana sana, wanasoma katika Al-Baqara aya ya 102 kwamba Suleiman hakukufuru. Waliowafundisha watu uchawi ni mashetani.

Kuhusu Freemason, chama hicho kilipata uongozi wake mkuu wa kwanza London mwaka 1717, zaidi ya miaka 2,600 baada ya hekalu kujengwa. Walichukua hekalu kuwa mfano wa mafundisho yao, pamoja na nguzo zake mbili, Yakini na Boazi, na habari za fundi Hiramu. Katika masimulizi yao, Hiramu anauawa na mafundi watatu kabla kazi haijaisha, kwa kukataa kutoa siri. Sasa soma 1 Wafalme 7. Hiramu ni mwana wa mjane wa kabila la Naftali, baba yake mtu wa Tiro, mfua shaba. Na mstari wa 40 unasema akaimaliza kazi yote aliyomfanyia mfalme Sulemani. Hakuna mauaji wala siri hapo. Anayejenga nyumba yake kwa mfano wa ghorofa la mwenzake hawezi kusema mwenzake ndiye aliyemjengea.

Talanta 666 ni uzito wa dhahabu iliyomfikia kwa mwaka mmoja, 1 Wafalme 10:14. Ezra 2:13 inawahesabu wana wa Adonikamu 666 waliorudi kutoka uhamishoni, na hakuna anayewaita watu wa shetani. Ila mstari ule wa dhahabu usiupite haraka. Kumbukumbu 17:17 ilikuwa imemkataza mfalme wa Israeli kujizidishia wake, fedha na dhahabu.

Hapo ndipo ninapoumia, mpendwa. Tunahangaika kutafuta dhambi ya siri ya Sulemani, na ile ya wazi imeandikwa sura nzima. 1 Wafalme 11: wake 700, masuria 300, na alipokuwa mzee wakamgeuza moyo aifuate miungu mingine. Akamfuata Ashtorethi wa Wasidoni na Milkomu wa Waamoni, akamjengea Kemoshi mahali pa juu kwenye mlima unaoukabili Yerusalemu. Mtu akitoka hekaluni aliweza kuinua macho akapaona. Zaidi ya miaka 300 baadaye palikuwa pangali pale, mpaka mfalme Yosia alipopanajisi, 2 Wafalme 23:13. Hakuhitaji pete ili aanguke. Alianza kupenda, akaruhusu, akajenga.

Mwambie mkeo, kwa upole, kwamba Bwana Yesu alimtaja Sulemani na hekima yake katika Mathayo 12:42, wala hakumwita mchawi. Mithali yenyewe ina maneno ya Aguri na ya Lemueli pia, na nyingine zilinakiliwa na watu wa mfalme Hezekia. Msiache kuisoma.

Na hiyo pete ya kuvuta riziki iko chini ya Kumbukumbu 18:10-12, hata likichorwa juu yake jina la nani. Huko Efeso waamini walivichoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande vya fedha 50,000, hawakuviuza ili warudishe mtaji (Matendo 19:19). Iombe hela yako kwa amani. Akikataa, iache iende, wala usikubali akupe pete badala yake. Jioni kaa na mkeo mfungue Mithali pale mlipoishia.