Nani anaigiza baba kwenye chuo cha wasichana?
Dada, umeuliza chuo cha wasichana watupu kinapata wapi waigizaji wa kiume. Mara nyingi wanavaa suruali wenyewe! Mimi nilisoma kwa masista hapa Dar, nikapewa mzee wa mtaa: kanzu ya kaka, ndevu za masizi ya sufuria. Jasho la Februari likaziteremsha hadi shingoni, ukumbi mzima ukaangua kicheko, sista mlezi naye kajifunika uso. Kule Indiana, Marekani, chuo cha wasichana cha Saint Mary's, cha tangu 1844, ni jirani wa chuo kikuu cha Notre Dame, ambacho chenyewe kilianza kupokea wasichana wa shahada ya kwanza 1972 tu. Hapo kuazima mwigizaji wa kiume kwa jirani si safari. Ila ile sauti nzito niliyojifunza ninayo bado, makonda wa daladala wananirudishia chenji haraka.