Maswali na Majibu: Kanula zinanishinda, je, niombe kuhamishwa kutoka dharura?

SWALI: Shikamoo sista. Nimemaliza shahada ya uuguzi na mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na sasa nina wiki tano kitengo cha dharura katika hospitali ya mkoa. Kuweka kanula (kile kijibomba cha mshipani cha kupitishia dripu) kunanishinda, hasa kwa watoto na wazee, mpaka wenzangu wananinyang'anya sindano mbele ya mgonjwa. Kuna kozi ya siku moja inauzwa kwenye kundi la WhatsApp. Unapewa cheti na orodha ya dawa zote za dharura. Nijiunge, au niombe kuhamia wodini? (Muuguzi mpya, Singida)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usihame, na hela yako kaa nayo.

Kanula ni mazoezi tu. Funga mkono vizuri, ushushe chini, papasa kwa kidole kabla ya kutafuta kwa macho, na kwa mzee vuta ngozi ikaze maana mishipa yake inateleza. Ukikosa mara mbili, mwite mwenzako. Mwaka hautaisha kabla hujaanza kunyang'anya wengine sindano, ingawa nakuomba usiwe na tabia hiyo.

Ila barua za namna hii napokea kila mara, na zote zinauliza kanula. Sijawahi kupata hata moja inayouliza namna ya kuhesabu pumzi. Hapo ndipo ninapoudhika, kwa sababu chini yake kuna imani moja: mgonjwa akishatundikiwa dripu, amehudumiwa. Ndugu wanaiamini, na sisi wenye sare tunaiamini kuliko wao. Chupa ikining'inia, kila mtu anashusha pumzi. Pumzi ya mgonjwa mwenyewe ndiyo hakuna anayeiangalia.

Mwaka wangu wa kwanza aliletwa mzee amechoka, hasemi sentensi ikaisha. Kanula ya kijani ikaingia mara moja, nikafungua lita nzima ikimbie, nikaandika kwenye faili "pumzi 20", nikaenda kwa mwingine nikijisikia muuguzi. Msimamizi wa zamu akapita. Hakusema kitu, alibonyeza mguu wa mzee juu kidogo ya kifundo, akatoa kidole. Shimo likabaki pale pale. Akafunga dripu, akamkalisha mzee wima, akaomba oksijeni, kisha akanipa saa yake: "Hesabu." Nilipata pumzi 38 kwa dakika. Moyo wake ulikuwa umeshindwa kazi, nami nilikuwa namwongezea maji yaliyokwisha kumjaa mapafuni. Alipona, si kwa ujuzi wangu.

Hiyo 20 niliitoa wapi? Ulikoitoa wewe jana. Kafungue mafaili kumi ya zamu yoyote uone: mwenye nimonia 20, mwenye mguu uliovunjika 20, aliyezimia 20. Ni namba ya kubuni, kwa sababu kuhesabu dakika nzima kunaonekana kama kupoteza muda mahali pa kukimbia. Wakati pumzi hubadilika mapema, mara nyingi presha ikiwa bado inasoma vizuri na kukudanganya. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akipita 30, usimwache akasubiri kwenye benchi. Na yeyote aliyebadilika akili, hata ndugu wakiapa kwamba kapandisha mashetani, pima sukari mapema kabisa. Mashetani ya namna hiyo tumeyatoa mengi kwa glukosi.

Wanaodhani maji mengi ya haraka hayana madhara wasome utafiti wa FEAST, uliofanyika hapa hapa kwetu, Kenya, Uganda na Muheza mkoani Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka sawasawa. Matokeo yalitoka 2011: waliosukumiwa maji mengi kwa haraka walifariki takriban 10 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa ambao hawakusukumiwa. Sisemi dripu ni sumu. Aliyekaushwa na kuhara anaihitaji, anayevuja damu anaihitaji. Lakini lazima uwe umemwangalia kwanza: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, kisha umfunue mwili wote.

Orodha ya dawa haitakufundisha hilo. Adrenalini nusu miligramu kwenye msuli wa paja humwokoa mtu mzima anayebanwa koo kwa mzio; dozi hiyo hiyo ukiisukuma yote mshipani wakati moyo wake unadunda, unaweza kumuua. Kwenye orodha yao itasomeka "adrenalini", basi. Kama unataka kozi, omba msimamizi wako akupeleke ile ya Huduma za Msingi za Dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2018 pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Ni ya siku kadhaa, unafanya kwa mikono mbele ya mwalimu, na kitabu chake kinapatikana bure.

Na ninyi msio wauguzi mnaosoma hapa, hili linawahusu zaidi. Acheni kutundikiwa "dripu ya nguvu" majumbani, chupa ikining'inia kwenye msumari wa chandarua. Nilishapokea mama aliyeletwa na bajaji usiku, mwanawe kashika chupa juu, ya pili ndani ya saa moja, kwa ajili ya "uchovu". Figo zilikuwa hazifanyi kazi, uso umevimba, anapumua kama aliyekimbia. Nikauliza nani kamtundikia. Daktari wa mtaani, akasema kijana, huwa anakuja na begi. Akampigia simu pale pale mbele yangu, mara tatu, ikaita mpaka ikakata.