Michezo 34 ilinifia siku moja: kwa mwalimu mpya wa kompyuta

Juzi usiku nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwalimu mmoja wa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha feri hapa Mombasa. Ameandika: "Dada, asalaam aleikum. Nimekabidhiwa kipindi cha kompyuta Gredi ya 3 hadi ya 6, na mimi nimesomea Kiswahili na dini. Nitumie tovuti za michezo ya kuwafundishia watoto, hata 20 hivi." Nimeusoma mara tatu. Hizo 20 ndizo zilizoninyima usingizi, kwa sababu mimi nilikuwa na 34, na zote zilinifia siku moja.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa nafundisha shule ndogo ya binafsi huku Kisauni. Mshahara ulikatwa nusu, halafu ukakatika wote. Wenzangu wengine waliingia kushona barakoa, wengine wakarudi bara. Mimi nilibaki nyumbani na laptopu ya kaka yangu. Kila usiku watu wakishalala nilikuwa natafuta michezo ya watoto kwenye intaneti na kuiandika kwenye daftari: wa kuhesabu embe, wa kupanga herufi, wa kulisha samaki kwa kuandika maneno haraka. Kila mmoja niliucheza hadi mwisho, nikaandika unafaa gredi gani na unachukua dakika ngapi. Niliapa kwamba shule zikifunguliwa, hakuna darasa la kompyuta Mombasa hii litakalolishinda langu. Najua na wewe unayesoma hapa una kiapo kama hicho.

Zikafunguliwa kwa madarasa yote tarehe 4 Januari 2021. Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mno. Watoto walikuwa wakisikia kengele wanakimbia. Mkuu wa shule alifurahi, akawaalika wazazi waje Alhamisi ya wiki iliyofuata waone karo yao inafanya kazi gani.

Alhamisi hiyo ilikuwa tarehe 14. Wazazi wamejipanga nyuma, panka moja linazunguka, watoto wanne kwa kila kompyuta. Nikasema, fungueni mchezo wa samaki. Skrini zote 11 zikatoa kisanduku cheupe chenye alama ndogo katikati. Nikasema fungueni wa embe. Kisanduku kilekile. Wa tatu, vilevile. Mtoto mmoja akaniuliza kwa sauti, "Madam, tumeharibu?" Baba mmoja akatoka kupokea simu, hakurudi.

Ile michezo yote ilikuwa imetengenezwa kwa Flash, programu ya kampuni ya Adobe iliyokuwa ikichezesha michezo na katuni kwenye tovuti. Kampuni yenyewe ilitangaza tangu 2017 kwamba itaizima. Ikaacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na tarehe 12 Januari, siku mbili kabla ya wazazi wangu kuja, ikaifunga isicheze tena. Mtu yeyote wa fani angeweza kunionya, lakini sikuwa na mtu wa fani wa kumuuliza. Mkuu aliniita ofisini, akaniambia mbele ya mhasibu kwamba kompyuta zangu ni mapambo, kisha vipindi viwili kwa wiki vikawa kimoja. Miaka imepita, na hilo neno "mapambo" bado liko kifuani.

Kwa hiyo dada yangu, sitakutumia tovuti 20. Nitakwambia ninachofanya sasa.

Kwanza, kitu chochote unachotaka kufundishia, kishushe kikae ndani ya kompyuta. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009, na Kenya nzima ikapata kasi kupitia kwetu. Lakini waya kufika ufuoni ni jambo moja, na kufika darasani Kisauni ni jingine. Watoto 40 hawawezi kugawana bando la simu yako. Mimi nilianza na programu mbili za bure. GCompris ni mkusanyiko wa michezo ya kujifunzia, imekuwepo tangu mwaka 2000 na inafaa watoto wa miaka 2 hadi 10. Tux Paint ni ya kuchora, ya tangu 2002. Zote mbili ukishaziweka hazihitaji intaneti.

GCompris ndiyo iliyoniokoa kwa wadogo. Nina msichana wa Gredi ya 2 aliyenyanyua mausi akaibandika kwenye skrini, juu ya picha ya ng'ombe aliyoambiwa aibonyeze. Hakuwa mjinga. Nyumbani kwao kuna simu tu, na kwenye simu unagusa unachokitaka. Nikamwekea zoezi la kufuta vigae kwa mausi mpaka picha iliyofichwa itokee. Dakika 10 mkono ulikuwa umeshajua njia. Alipouona mnyama mzima alipiga kelele darasa zima likageuka.

Wakubwa nawapa Scratch, programu ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, iliyotoka mwaka 2007. Unapanga vipande vya amri kama matofali na kitu kinatembea. Unaweza kuibadili lugha ikawa Kiswahili, na kuna ya kuweka kwenye kompyuta usitumie mtandao. Ila jaribu kwanza kwenye mashine ya mwanafunzi, si kwenye laptopu yako! Toleo la sasa linataka Windows 10 kwenda juu, na saba kati ya 11 zetu zilikuwa na Windows 7. Zikakataa. Basi nne zikawa za Scratch, saba za kuchora na kuandika, na katikati ya kipindi tunabadilishana.

Mwaka jana kijana wa Gredi ya 5, ambaye nyanyake anakaa Likoni, ng'ambo ya kivuko, alitaka kutengeneza feri ya Likoni. Akaichora, akaipa mwendo, feri ikazama nusu kwenye ukingo wa skrini na kukwama. Aliiambia iende hadi 400. Jukwaa la Scratch, yaani eneo la skrini kitu kinapotembea, lina upana wa 480, sifuri iko katikati, kwa hiyo mwisho wa kulia ni 240 na wa kushoto ni hasi 240. Nilipoeleza kwa mdomo hawakunielewa. Nikachukua chaki nikachora mstari sakafuni: mlangoni hasi 240, dirishani 240, sifuri chini ya panka. Kijana akatembea mwenyewe juu ya mstari, wenzake wakimpigia kelele namba. Akarudi kwenye kompyuta, akaweka hasi 150 hadi 150, akaongeza kusubiri sekunde 2 abiria washuke, akarekodi honi kwa mdomo wake. Mkuu yuleyule alisimama mlangoni akaitazama feri ikivuka mara mbili. Hakusema kitu. Muhula uliofuata kipindi cha pili kilirudi.

Walimu wenzangu, tuache kumwekea mtoto mchezo ili anyamaze tusahihishe madaftari. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa muuza viazi karai wana haki ya kutengeneza kitu, si kubonyeza tu vilivyotengenezwa na wengine. Na tusiwafungulie watoto akaunti kwa majina yao kamili na picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, na Scratch haihitaji akaunti kuitumia. Shusheni, jaribuni kwenye mashine ya mtoto, halafu jaribuni tena asubuhi ya kipindi.

Dada wa Likoni, njoo Jumamosi na flashi ya USB ya kuhifadhia, GB 8 inatosha, nikuwekee zote tatu. Kabla hujavuka, washa kila kompyuta ya shule, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Niandikie jina na namba ya Windows itakayotokea kwa kila moja, nijue tunaanzia wapi.