Shule ikishaingia maji, msaada huombwa wapi?

Ndugu yangu wa Witu, umeuliza bodi ya shule ianzie wapi baada ya mafuriko kuharibu madarasa na vyoo. Nami nimo kwenye bodi ya shule ya msingi huku Malindi, ukingoni mwa Sabaki. Mto huu hutufurikia hata kwetu kukiwa jua kali, maana mvua ikinyesha Nairobi na Ukambani, maji ya mto Athi, ambao huku chini ndio Sabaki, huishia kwetu.

Msiondoe tope kabla ya kupiga picha, chifu akiwepo. Mafuriko ya 2024 yalituachia vitabu vimevimba na kushikana, ukifungua ukurasa unachanika. Tulivihesabu kwa darasa na kwa somo kabla ya kuvitupa, na orodha ile ndiyo tuliyompa afisa wa elimu wa kaunti ndogo.

Halafu tenganisheni barua za kuomba msaada. Chekechea ni ya serikali ya kaunti, msingi na sekondari ni ya serikali kuu. Mkichanganya yote, kila ofisi itasema si yake.

Kapitesheni, yaani fedha ambazo serikali hutoa kwa kila mwanafunzi, kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hiyo haiezeki paa. Kimbilio ni NG-CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya eneo bunge. Sheria yake ya 2015 hutenga asilimia 5 ya fedha kwa dharura, yaani jambo lisilotarajiwa ambalo haliwezi kungoja mwaka mwingine wa fedha. Basi barua yenu ijibu hilo hasa: kwa nini haliwezi kungoja? Andikeni wazi kwamba watoto wanasomea chini ya mwembe na choo kimetitia. Ambatisheni na makadirio ya gharama kutoka kwa afisa wa ujenzi wa serikali.

Nawasihi, ombeni vyoo kwanza. Darasa laweza kuwa hema kwa muda, lakini msichana wa Gredi ya Sita asipokuwa na choo hukaa nyumbani, na wengine hawarudi. Viongozi hupenda kuzindua madarasa, choo kikasahaulika, na jambo hili linaniuma sana. Tena choo kikifurika, uchafu huingia kisimani, kipindupindu kikafuata. Mwiteni afisa wa afya ya umma apime maji na kutia dawa kabla mtoto yeyote hajanywa.

Na msichelewe kuomba mahema. Barabara ya kutoka Garsen kuja kwenu Witu ikikatika kwa maji pale Gamba, mzigo wenu hukwama huko.