FISH haiulizi kama ni kansa: jibu kwa dada wa Arua

Dada, pole na ugonjwa wa mama. Umeuliza mambo mawili: je, ni lazima akatwe tena kinyama kwenye titi ili apimwe FISH, yaani kipimo cha probu zinazong'aa, na je, kipimo hicho ndicho kitakachosema kwa uhakika kama ni kansa? Kukatwa tena, mara nyingi hapana. Na kusema kama ni kansa si kazi ya kipimo hiki.

Kansa ya mama ilishaonekana mpatholojia alipotazama kinyama kilichopakwa rangi za kawaida, zambarau na waridi. Hiyo "HER2 2+" uliyoiandika imetoka kwenye kipimo kingine, kinachopaka kahawia HER2, protini inayochochea seli kukua, kwenye utando wa seli. 0 na 1+ huhesabiwa hasi, 3+ chanya. 2+ ni njia panda, na hapo ndipo sisi wa chumba cha giza, tunaofanya FISH, huitwa.

Probu ni kipande cha DNA kilichofungwa rangi inayong'aa, na hushika mahali panapolingana nacho kwenye kromosomu. Kwa titi tunatumia mbili: nyekundu ya jeni inayotengeneza protini ya HER2, na kijani ya katikati ya kromosomu 17, kromosomu ambayo jeni hiyo imo. Slaidi hupashwa moto ili nyuzi za DNA ziachane, kisha hulazwa na probu usiku kucha kwenye nyuzijoto 37. Kesho yake, chini ya hadubini, viini vya seli ni bluu na ndani yake kuna nukta. Seli isiyo na tatizo ina nyekundu mbili na kijani mbili. Tunahesabu seli zisizopungua 20. Nyekundu zikiwa mara 2 ya kijani au zaidi, na kila seli ikiwa na wastani wa nyekundu 4 au zaidi, jibu ni chanya. Wapo wagonjwa ambao nyekundu zimerundikana kama mukene, wale dagaa, kwenye mkeka, hazihesabiki; hao hawana ubishi.

Chanya maana yake trastuzumab inaweza kumfaa, dawa inayolenga HER2, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Kwa hiyo kabla hamjauza mbuzi, muulizeni daktari: jibu likiwa chanya, dawa mtaipata wapi, na nani atailipia? Mimi ningeuliza hilo kwanza.

Sasa kuhusu kukatwa. Kinyama cha mama kimo ndani ya bloku ya nta, na maabara iliyompima inapaswa kuwa nayo. Humo tunakata tabaka la mikroni 4 au 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), basi. Akiambiwa arudi kukatwa, ulizeni sababu. Sababu za kweli zipo: tishu imekwisha kwenye bloku, au iliharibika tangu mwanzo.

Na kuharibika ndiko kunakonikera kuliko yote, maana watu hulaumu probu. Kuna hospitali iliyokuwa ikitutumia titi zima ndani ya ndoo, formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, imefika nusu, safari ya basi usiku kucha. Nje limehifadhika vizuri, katikati limeoza. Kwenye slaidi ya namna hiyo nukta ni hafifu, na tishu yenyewe inang'aa kijani mpaka inazifunika. Kinyama kitiwe formalini ya asilimia 10 yenye bafa (ya kuzuia isiwe asidi) ndani ya saa 1, ujazo wake uwe mara 10 ya kinyama, kikae saa 6 hadi 72. Titi zima lipasuliwe kwanza ili dawa iingie. Chupa iliyosahauliwa rafuni wiki nzima wakati familia inatafuta pesa nayo hutusumbua.

Mfupa una balaa lake. Watoto wenye uvimbe wa taya, ule aliouandika Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji hapa Kampala, tunawaangalia kama jeni ya MYC kwenye kromosomu 8 imekatika. Probu mbili hukaa pande mbili za jeni. Zikiwa pamoja huonekana manjano, jeni ikikatika nyekundu na kijani huachana. Lakini kipande chenye mfupa kikilainishwa kwa asidi kali, DNA inaharibika na hatuoni kitu. EDTA, dawa nyingine ya kulainisha mfupa, ni ya polepole, ila inaiacha DNA salama.

Kuna mwingine aliyeandika kwamba hospitali yao ina hadubini ya kung'aa ya TB, kwa hiyo wanaweza kufanya FISH: hapana, ndugu yangu. Ile imetengenezewa rangi moja, auramini. Hapa unahitaji filta za bluu, kijani na nyekundu, na lenzi kali zaidi. Kama mna hadubini ya kawaida tu, ulizieni aina ya kipimo ambacho nukta zake huonekana kwa mwanga wa kawaida. Kwa HER2 kipo, na slaidi zake hazififii.

Dada, ukienda maabara omba bloku na nakala ya ripoti ya mpatholojia, uhakikishe namba zinalingana kabla hujatoka mlangoni. Bloku isikae kwenye dashibodi ya gari, nta hulainika kwa jua. Na kama aliyemkata mama alitumia spiriti badala ya formalini, mwambie atakayeipima kabla hajafungua seti ya probu.